Kanga, saa ya ukutani na namba nne: nilivyowafundisha watoto mifumo ya kihisabati

Mwaka jana niliamua kutumia jioni za klabu ya hisabati kuwafundisha wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza, hapa Tanga, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikutana nalo nikiwa chuoni: kwamba seti ya vitu, ikipewa tendo moja la kuviunganisha viwili viwili, inakuwa mfumo wenye tabia zake, na kwamba vitu hivyo si lazima viwe namba. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia niachane nalo kwa kuwa halitaulizwa kwenye mtihani. Mwingine, ambaye nia yake ilikuwa njema, alinishauri niwaandikie fasili wazikariri, kwa maana watazielewa wenyewe wakikua. Wa kwanza sikumjali. Wa pili nilimsikiliza, na kwa kumsikiliza nilipoteza majuma mawili ambayo bado yananiuma.

Niliandika ubaoni kwamba seti imefungika kwa tendo fulani ikiwa, kila unapochukua memba wake wawili na kufanya tendo hilo, jibu linabaki ndani ya seti. Walinakili kwa mwandiko mzuri, na kesho yake walinisomea kwa kichwa bila kukosea neno. Nikaandika seti ya namba witiri ndani ya mabano, nikauliza kama imefungika kwa kujumlisha. Mvulana mmoja wa mstari wa mbele alisimama akajibu kwa uhakika: "Ndiyo, Mwalimu, imefungika. Ina mabano pande zote mbili." Hakuna aliyecheka, na kwa kutazama nyuso zao nilitambua kwamba karibu nusu ya darasa walikuwa wamefikiri hivyo hivyo. Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nimempa neno tupu, naye alitafuta ubaoni kitu kilichofanana nalo. Kwamba 3 na 5 ni witiri lakini jumla yao, 8, imetoka nje ya seti, ni jambo ambalo angeliona mara moja kama ningeanza na namba zenyewe na kuliacha neno lije baadaye.

Nikafuta ubao, na siku iliyofuata nikaja na saa ya ukutani iliyokufa betri. Nilitaka kuwaonyesha hesabu za saa: ukifika 12 unaanza upya, kwa hiyo 9 na 5 ni 2. Nilidhani ni somo la dakika kumi. Nilisahau kwamba sisi tunasoma saa kwa namna yetu. Nilipoweka mshale mfupi kwenye 2 na kuuliza ni ngapi, upande mmoja wa darasa ulisema mbili na upande mwingine ukasema saa nane, na ubishi ulichukua kipindi chote. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka, na usiku, nikiwa jikoni, ndipo nilipoona kwamba watoto walikuwa wameniletea mfano mzuri kuliko ule niliouandaa.

Kwa maana kuna nini kati ya namba iliyo kwenye uso wa saa na saa tunayoitamka? Kuna 6. Mshale ukiwa kwenye 2, ongeza 6, upate saa nane. Ukiwa kwenye 8, ongeza 6, upate 14, yaani saa mbili. Kesho yake niliwaachia swali moja tu: ikiwa mtu amekwambia saa nane, utafanya nini ili ujue mshale uko wapi? Wengi walisema utoe 6, na ni kweli. Kisha msichana mmoja aliyekuwa akihesabu kwa vidole alisema, "Mwalimu, hata ukiongeza 6 tena unarudi pale pale." Walijaribu namba zote 12, moja baada ya nyingine, na kila moja ilirudi. Hapo ndipo neno kinyume, yaani kile kinachokurudisha ulikoanzia, lilipoingia darasani likiwa na kazi ya kufanya: kinyume cha 6 katika mfumo huu ni 6 yenyewe, kinyume cha 5 ni 7, na 12, ambayo ukiiongeza mshale haujasogea, ni memba asiyebadilisha kitu. Tulikubaliana tuiandike 0.

Kuzidisha kulitupa mshangao mwingine. Katika hesabu za saa, 3 mara 4 ni 0, ingawa hakuna kati yao aliye 0, na watoto waliofundishwa tangu shule ya msingi kwamba jambo hilo haliwezekani walidai nihakikishe mara tatu. Memba asiyebadilisha kitu sasa ni 1, na tulipotafuta nani ana kinyume, yaani mwenzake ambaye wakizidishwa wanatoa 1, tuliona kwamba 8, uizidishe kwa chochote, inakupa 0, 4 au 8 tu, wala haifiki 1 kamwe. Wenye vinyume walibaki wanne: 1, 5, 7 na 11. Wachukueni hao wanne peke yao, niliwaambia, mchore jedwali la kuzidisha, mlibandike ukutani na mliache hapo.

Sasa nifike kwenye kanga, ambayo ndiyo ninayojivunia. Nilichukua kanga yangu ya zamani yenye jina lisemalo "Akiba haiozi", nikaitandaza sakafuni, na kwa chaki nikachora mstari kuizunguka pande zote nne. Kanuni ilikuwa moja: fanya lolote upendalo na kanga, mradi ukimaliza ijae ndani ya mstari ule ule. Hiyo chaki msiidharau, kwa sababu bila ya mstari watoto wanakunja, wanaviringisha, na hakuna mfumo. Mmoja alijaribu kuigeuza robo mzunguko, ikatokeza nje ubavuni kwa kuwa urefu na upana wake havilingani, akaiondoa mwenyewe bila kuambiwa. Baada ya purukushani ya nusu saa zilibaki njia nne: kuiacha ilivyo, kuizungusha nusu mzunguko, jina likapanda juu na kusomeka kichwa chini, kuipindua kama ukurasa wa kitabu, jina likabaki chini lakini limegeuka upande wa nyuma, na kuipindua pindo la juu kuja chini. Wakafanya mbili mbili mfululizo, wakaandika kila mara kanga imeishia wapi. Kupindua kama ukurasa kukifuatwa na nusu mzunguko ni sawa na kupindua juu chini. Kila njia ikirudiwa inajifuta. Yule mvulana wa mabano alisema, safari hii kwa sauti ndogo, kwamba seti imefungika, kwa sababu hawajapata hata mara moja njia ya tano.

Jedwali la kanga walilibandika kando ya lile la 1, 5, 7 na 11. Sikusema neno, nikajifanya ninafuta ubao. Ilichukua muda, kisha sauti zikaanza: 5 mara 7 ni 11, 5 mara 11 ni 7, 7 mara 11 ni 5, kila namba kwa yenyewe ni 1. Badilisha majina tu na majedwali hayo mawili ni kitu kimoja. Kitambaa na namba vilikuwa na umbo lile lile ndani yao, na watoto wa miaka 13 walikuwa wameliona bila kuonyeshwa. Mmoja aliuliza kama basi kila mfumo wa memba wanne uko hivyo, nikawapa 0, 3, 6 na 9 za saa kwa kujumlisha. Humo 3 na 3 ni 6, haijifuti, kwa hiyo huo ni ukoo mwingine. Waliponiuliza nani alianza kufikiri hivi, niliwaambia habari za Évariste Galois, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20, na walinyamaza kwa muda, maana wengi wana kaka wa umri huo.

Gharama haikuwa kitu: karatasi kubwa chache, gundi, chaki ya shule. Ukitaka kujaribu, tafuta kanga ambayo jina lake linaonekana vizuri hata kwa nyuma, na usitaje neno lolote la kitaalamu kabla watoto hawajakuwa na kitu cha kukiita kwa neno hilo.

Jioni ya mwisho kabla ya likizo, msichana yule wa vidole alikuja na kitambaa cha mraba alichokikata nyumbani na kushona uzi wa rangi tofauti kila pembe. Alitaka kujua kama robo mzunguko sasa inaruhusiwa. Inaruhusiwa, na njia zikawa nane. Alipozungusha robo kisha akapindua, na mara ya pili akapindua kisha akazungusha, uzi mwekundu uliishia pembe mbili tofauti. Alidhani amekosea, akarudia, ukaishia kule kule. Jedwali lake la nane kwa nane alilimaliza mwenyewe wakati wa likizo.