Kitako kimeungwa, sawa, lakini kilivunjika kwa nini?

Niliposema nanunua bunduki ya kuwindia ya mtumba, aina ya Brno, ambayo kitako chake, ule mti unaoegemea begani, kilishapasuka kikaungwa, jamaa zangu walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mmoja akaniambia wewe bwana, kitu kinacholipuka karibu na shavu lako unakinunua na gundi? Nimemsikia, ila mlipuko haubebwi na mti. Unabebwa na chuma, yaani chemba inapokaa risasi, mtutu, na bolti inayoifunga kwa nyuma, yenye meno yake mawili pale mbele. Mti kazi yake ni kushika chuma kisicheze na kupeleka teke, ule msukumo wa nyuma risasi inapotoka, begani. Kwa hiyo ufa wenyewe haunitishi, mimi nauliza tu ulitokea kwa nini, maana sababu ikiwa bado imo ndani basi utapasuka tena hata aunge nani.

Bunduki yenyewe ni ZKK 602, kazi ya Czechoslovakia ilipokuwa bado nchi moja, inakula .375 H&H. Hiyo risasi waliitoa Holland & Holland wa London mwaka 1912 na mpaka leo ukienda na mgeni kuwinda mbogo hutachekwa. Mimi nasindikiza wageni wawindaji huku Karamoja, Uganda, na kuna wazee wakisikia .375 wanaanza habari za yule mwindaji Mskoti, Bell, aliyezunguka huku miaka ya 1900 mwanzoni, eti tembo zaidi ya elfu moja, na wengi aliwaangusha kwa risasi ndogo tu ya 7x57. Sawa wazee wangu, lakini Bell alikuwa anachagua wakati wa kupiga akiwa ametulia, mimi nangoja mgeni amjeruhi mbogo halafu mnyama aingie kichakani, na hapo ndo kazi yangu inaanza.

Nilienda na baba mdogo, ni mstaafu wa polisi, miaka mingi alikaa ghala la silaha, na sisi watoto wa kambi za polisi Kiswahili na bunduki tumevikuta nyumbani. Mwenye mali ni mzee ambaye magoti yamekataa pori. Baba mdogo hata hakutazama ufa kwanza, alisema, "Mzee wangu, tuanze na karatasi." Akasoma namba kwenye chuma, akasoma kwenye bolti, akalinganisha na leseni. Watu wanaona ni usumbufu ila huku operesheni ya jeshi ya kukusanya silaha haramu, Usalama kwa Wote, ilianza 2021, bunduki isiyo na maelezo haina mzaha. Halafu tangu 2018, baada ya mbunge Abiriga kuuawa kwa risasi, na Rais wetu kuagiza bunduki zote zichukuliwe alama, polisi wanaipiga bunduki na kuhifadhi risasi na ganda lake. Alama hizo zinatoka kwenye mtutu na kwenye pini inayogonga risasi, siyo kwenye mti. Kitako ukikibadilisha alama ziko vile vile, ila mtu aliyebadilisha mtutu au bolti kimya kimya amekuuzia kesi.

Karatasi zikawa safi, ndo tukafungua skrubu. Ufa ulianzia nyuma ya mkia wa chuma, pale bolti inapoishia, ukashuka mpaka kwenye shingo unaposhika kwa mkono. Aliyeunga alitumia gundi ya kuchanganya, akapitisha pini mbili za shaba, vichwa akavipiga msasa mpaka ukipitisha ukucha hausimami popote. Ndani ndo kulikuwa na jibu. Nyuma ya mkia mti ulikuwa na alama nyeusi inayong'aa, maana yake chuma kilikuwa kinaugusa, na kila risasi inapoondoka kile kimkia kinaingia kwenye mti kama kabari kwenye gogo, hadi siku moja ukaachia. Yule fundi aliliona hilo, alichonga nafasi nyembamba nyuma yake ili teke lisipitie hapo. Teke linatakiwa lipokelewe na lile jino nene chini ya chuma, mbele ya magazini. Tukapaka masizi ya mshumaa kwenye jino, tukakaza, tukafungua tena, mti ukawa mweusi upana wote. Ingekuwa kona moja tu tungeaga.

Kitu kingine ni mafuta. Watu wanajaza mafuta kisha wanasimamisha bunduki mtutu juu, miaka inapita mafuta yote yanateremka kwenye shingo, mti unalainika na gundi haishiki. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, mkavu, mgumu. Nikajaribu kuukunja kidogo, hakuna mlio wala mstari kufunguka.

Kupiga alipiga mzee mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha maana leseni ni yake, mimi kazi yangu ikawa kuchungulia ule mstari kila baada ya risasi. Haukusogea. Mzee akacheka, "Kijana wangu, unaitazama kuliko ulivyomtazama mkeo." Nilinyamaza, bei ilikuwa bado haijakubaliwa!

Tulivyofika kwenye bei baba mdogo akawa ghafla haupendi tena ule ufa, akaugusa, akaupapasa, akatikisa kichwa, na mzee akashusha vizuri tu. Nadhani kama kitako kingekuwa kizima nisingeiweza bei.

Sasa hivi bado iko kwenye sefu ya mzee, huwezi kuibeba kwa kuwa tu umelipa, mpaka kibali kitoke kwa jina langu, na anayekuambia "chukua, karatasi zitafuata" mkimbie. Ikifika kwangu nitabadilisha ile raba ya mwisho wa kitako kwanza, imekauka hadi inachubua bega, na mzee ameshasema raba siyo shida yake.