Nakala ya Lord Heathfield, juma la sita: mkono na ufunguo

Juma hili nimeufuta mkono wa kulia kwa mara ya tatu. Ninanakili kwa rangi za mafuta picha ya Lord Heathfield aliyoichora Mwingereza Joshua Reynolds mwaka 1787, ambayo sasa iko National Gallery, London. Kanvasi yangu ni nusu ya ile ya asili kwa urefu na kwa upana, yaani takriban sentimita 71 kwa 57, nami niliigawa kwa miraba ya penseli ili vipimo visinipotee.

Uso, ambao ndio niliouogopa, haukunipa taabu kubwa. Taabu imetoka kwenye ufunguo. Heathfield, aliyeitwa George Augustus Eliott kabla ya kupewa cheo hicho, alikuwa gavana wa Gibraltar, ngome ya Waingereza kwenye mwamba ulio kusini mwa Hispania, wakati Wahispania na Wafaransa walipoizingira tangu 1779 hadi 1783 wasiweze kuitwaa. Reynolds hakumketisha mezani penye nyaraka. Amemsimamisha juu ya mwamba, moshi umetanda nyuma yake, na mikononi ameshika ufunguo mkubwa wa ngome, mnyororo wake ukiwa umezungushwa mara mbili kwenye mkono. Mimi niliuchora mnyororo ukiwa umelegea, kila pete ikionekana vizuri, na gavana akageuka mwenye nyumba anayemkabidhi mpangaji ufunguo wa chumba. Ni pale nilipoukaza hadi ukaibonyeza nyama, na kutia kivuli chembamba chini ya kila pete, ndipo ilipoonekana kwamba mzee huyu hana nia ya kumpa mtu chochote.

Koti jekundu nalo limenichelewesha. Nilipaka tabaka la juu kabla la chini halijakauka, likajikunja begani kama maziwa yaliyoganda, ikanibidi nilikwangue. Reynolds mwenyewe alipenda karmini, rangi nyekundu itokanayo na wadudu, ambayo hupauka ikikaa kwenye mwanga. Nyuso kadhaa alizozichora zilianza kufifia angali hai. Katika hilo sikumfuata, nimetumia nyekundu ya kadmia.

Umebaki mzinga wa vita ulio nyuma ya Heathfield, ulioinamishwa mdomo chini kabisa, ambao ndio unaomjulisha mtazamaji jinsi mwamba ulivyo mrefu. Kwa sasa nimeuweka kwa mistari ya chaki tu, nikisubiri bega likauke.