Siku moja na watoto 46 wa darasa la awali, Uyole, Mbeya

Saa 1:00 asubuhi. Julai Uyole baridi inang'ata hadi kwenye mifupa. Natandika mikeka, kisha napiga magoti mlangoni nilione darasa kwa kimo cha mtoto wa miaka 5. Muhula uliopita nilishinda nikipaza sauti, "Acheni kukimbia!" Kumbe kutoka mlangoni hadi ubaoni palinyooka kama barabara kuu ya Tunduma, nani asikimbie? Nimeikata njia hiyo kwa rafu fupi ya vitabu. Sasa wanatembea.

Saa 2:00. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba wanangu. Tunapitia ratiba ya picha ukutani: kitabu, kikombe cha uji, mpira. Mtoto akijua kinachofuata, halii ovyo.

Saa 3:00, muda wa kona, yaani sehemu za darasa za kuchezea na kujifunzia. Kona ya duka ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kuna binti mmoja niliyemwita mkorofi kwa wiki kadhaa, kila siku anapokonya wenzake. Siku moja nikakaa pembeni, nikatazama tu. Kopo la kupimia mchanga, "mchele" wao, lilikuwa moja, wauzaji wanne. Leo makopo ni manne, na kwenye misumari minne zinaning'inia shanga za vifuniko vya soda. Umevaa shanga, una nafasi dukani. Msumari ukiwa mtupu, unakwenda kona nyingine kwanza. Huyo binti leo nimemsikia akimwambia mwenzake, "Subiri, nikimaliza nakupa." Nikamsifu papo hapo, nikimtajia alichofanya.

Saa 4:30, uji. Nawaita mkeka kwa mkeka, foleni isiwe ndefu. Foleni ndefu huzaa kusukumana.

Saa 5:15 kijana mmoja anapiga kelele, amechoka. Nyuma ya pazia la gunia kuna kirago na mwanasesere wa matambara. Simfukuzi kwenda huko, namsindikiza. Anatoka mwenyewe baadaye, anaomba kitabu.

Kiwango cha taifa ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Mimi niko peke yangu, kwa hiyo chumba lazima kinisaidie kulea. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua shule yake, "nyumba ya watoto", Roma mwaka 1907, aliwatengenezea meza na viti vya kimo chao. Mimi fundi wa jirani alinikatia miguu ya kabati kuukuu, na watoto wanajirudishia vitu wenyewe.

Saa 8:00 mchana, darasa tupu. Sakafu imelowa karibu na mkeka wa ujenzi. Leo wawili wamegombana hapo. Nahamishia ndoo ya maji nyuma ya mlango.