Siku niliyozuia vigae visibandikwe

Bafu letu la ghorofani lilikuwa linavuja. Dari ya sebule chini yake ilikuwa imechora ramani ya kahawia, na kila mwezi ramani ikapanuka. Jamaa walinishauri nibandike vigae vipya juu ya vile vya zamani, yaishe. Nikakataa, huko ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya.

Niliita wakandarasi watatu, nikampa kila mmoja orodha ileile ya kazi kwa maandishi. Aliyetaja bei ya chini kabisa hakuwa ameweka kubomoa, kuzoa kifusi wala dawa ya kuzuia maji. Nilimchukua yule aliyeniuliza maswali mengi hadi nikachoka.

Malipo tuliyafunga na kazi, si na tarehe: baada ya kubomoa, baada ya mabomba na nyaya, baada ya vigae. Asilimia 10 ya mwisho ningeilipa tukishalitumia bafu wiki mbili. Hapo alinuna kidogo, ila akatia saini.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Katikati ya kazi nilitaka sinki lihamie ukuta wa pili. "Hiyo kazi ndogo tu, mama," akasema. Nikamwomba aiandike: pesa ngapi, siku ngapi. Alipokaa na kalamu, kumbe bomba la maji machafu linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo sakafu ingechimbwa upya. Siku nne zaidi. Sinki likabaki palepale.

Kisha ikaja siku ya vigae. Fundi ameshafika na ndoo zake, nami nikasema bado, tujaribu maji kwanza. Tuzibe tundu la kutolea maji, tujaze maji sakafuni, tuchore mstari wa penseli ukutani, tuache saa 24.

"Mama, kazi hii tumeifanya miaka yote."

"Najua, fundi. Ndiyo maana sidhani utaogopa maji ya siku moja."

Asubuhi maji yalikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili, na dari ya sebule ilikuwa na unyevu usawa wa tundu. Dawa haikuwa imeshika vizuri pale bomba linapokutana na zege. Mkandarasi alichuchumaa akapatazama kwa muda mrefu, akavua saa yake, akaanza kupakwangua mwenyewe. Tuliacha ikauke, tukajaza tena, na safari hii mstari haukusogea. Fundi wa vigae, kwa hasira au kwa njaa ya kazi, alikuwa ameshakwenda kwingine. Tulimsubiri wiki nzima, huku tukioga kwa ndoo na kopo.

Kabla ya lipu nilikuwa nimepiga picha kuta zote, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kando ya mabomba. Picha hizo zilinifaa nilipotaka kutoboa ukuta nitundike rafu: pale nilipopachagua palipita bomba la maji moto.

Wiki mbili zilipokwisha tulipita na mkandarasi tukigonga vigae kimoja kimoja. Viwili vilitoa mlio wa uwazi, yaani havikuwa vimeshika vizuri chini, na mlango ulikuwa unakwaruza sakafu. Alirekebisha, nikamlipa ile asilimia 10 siku hiyohiyo.

Dari ya sebule sijaipaka rangi hadi leo. Ramani bado ipo, na niliizungushia mstari wa penseli. Kila asubuhi naiangalia.