Bilauri ya Vernazza

Mwezi wa Septemba mwaka 2016, nilipokuwa nikiishi Genova, Italia, mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Malindi, nami nikakodi nyumba ya likizo kwa siku nne huko Vernazza, mojawapo ya vile vijiji vitano vya pwani ya Liguria viitwavyo Cinque Terre. Nilitaka alale mahali ambapo hangekuwa na kazi yoyote. Kwa miaka 19 Mama alikuwa amesafisha nyumba za likizo za Waitaliano, ambao wameuzoea mji wetu tangu kituo chao cha kurushia setilaiti kilipojengwa Ngomeni miaka ya 1960, na Kiitaliano chake chote alikipata humo ndani ya nyumba zao. Alijua kusema shuka, foronya, ufagio, samahani na kesho, lakini neno la kuagizia chakula mezani hakuwahi kulihitaji.

Treni ya kutoka Levanto hupita sana ndani ya mahandaki. Bahari ilichungulia, ikapotea, ikachungulia tena, kisha tukashuka katika kituo kilichobanwa kati ya milima. Tukaiteremka barabara kuu ya kijiji kuelekea bandarini, halafu tukaingia kichochoro chembamba cha ngazi. Mama akasimama katikati kuvuta pumzi, akaugusa ukuta, akasema kwamba hivi ni vichochoro vya Lamu vilivyosimamishwa wima.

Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo ya Mama, alitupokea mlangoni. Aliandika habari za pasipoti zetu, kwa kuwa sheria ya Italia inamtaka anayepokea wageni awaarifu polisi, akapokea amana ya euro 100, kisha akatuonya kwamba umeme wa nyumba, kama ulivyo katika nyumba nyingi za nchi hiyo, ni wa kilowati 3 tu, kwa hiyo tusiwashe oveni na mashine ya kufulia kwa pamoja. Mama alimsikiliza huku amefumbata mikono mbele, akiitikia "sì, sinyora" kila baada ya sentensi. Niliona uchungu kumwona hivyo, lakini sikusema neno.

Usiku ule ule akavunja bilauri. Nilimkuta jikoni saa nane, taa imewashwa, vipande amevipanga juu ya gazeti kana kwamba vingeweza kuunganishwa. Katika nyumba moja aliyofanyia kazi, kila chombo kilichovunjika kilikatwa kwenye mshahara wake, na mwezi mmoja wa mwaka 1996, ambao ninaukumbuka vizuri kwa sababu ndio niliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, alikatwa karibu nusu. Nilimweleza kwamba sisi ni wageni na tumelipa. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, nyumba ya watu ni ya watu," akalikunja lile gazeti akalitia mkobani, na kwa siku mbili zilizofuata, badala ya kukaa bandarini kutazama mashua, alinipitisha duka baada ya duka akitafuta bilauri ya kufanana na ile: fupi, nene, yenye maua mekundu ubavuni. Hatukuipata. Dagaa wa kukaanga tuliwala tukiwa tumesimama.

Asubuhi ya kuondoka niliamshwa na ukimya. Mama alikuwa amevua shuka zote na kuzitia katika mashine, akachomeka pasi na birika ya umeme, na umeme ukakatika. Mita ilikuwa chini kabisa, karibu na mlango wa kuingilia, na nilipokuwa nikiirudisha swichi ndipo mwenye nyumba alipofika, mapema kuliko tulivyoagana. Tulipanda pamoja. Mama alikuwa amesimama katikati ya jikoni, gazeti mikononi. Akalifungua, akaomba radhi kwa Kiitaliano chake, na akamwambia akate gharama kwenye amana.

Mwenye nyumba alivitazama vile vipande, kisha akafungua kabati la juu. Ndani mlikuwa na bilauri nyingine kama ishirini, hakuna mbili zilizolingana. Alitueleza polepole, ili Mama afuate, kwamba vyombo vyake vya zamani alikuwa amevihifadhi ghorofa ya chini, na vyote vilizikwa na tope tarehe 25 Oktoba 2011, siku ambayo mvua iliuporomosha mlima hadi ndani ya kijiji na kuua watu. Tangu hapo hakununua bilauri tena. Hutumia zile ambazo chokoleti ya kupaka huuzwa ndani yake, ikiisha huzisuuza na kuziweka.

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya kwanza: anamlipa kiasi gani mwanamke anayemsafishia nyumba hii?

"Nasafisha mwenyewe," akajibu, akajipiga goti kuonyesha mahali panapomuuma.

Mashine ilikuwa imemaliza kuzunguka. Mama alimpita, akatoa shuka la kwanza, akatafuta pembe zake mbili, akamnyooshea mwenzake pembe nyingine. Wakalikung'uta mara moja, kwa pamoja, maji yakaruka hadi dirishani, wakasogeleana, wakarudi nyuma, wakalivuta likanyooka. Niliketi na mizigo nikawangoja. Treni yetu ya saa nne tuliikosa.