Kadishi bila watu kumi

Mama mkwe wangu alizikwa Haifa, Israeli, Jumatatu, tarehe 6 Aprili 2020. Siku hiyo hiyo Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, alitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi kwa siku 21. Ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimama tangu tarehe 25 Machi. Basi mume wangu alimzika mama yake kwenye simu. Shemeji alishika simu kule makaburini, mkono ukimtetemeka, na sisi sebuleni Kileleshwa, Nairobi, tukaona viatu vya watu, kisha sanda, kisha udongo. Marehemu aliondoka kwa ugonjwa wa moyo, si kwa korona, lakini msiba uliingia kwenye masharti yale yale ya korona, hata Kadishi, sala yetu ya wafiwa, ikakosa watu.

Kwetu Wayahudi, mtu akifiwa na mzazi huchana nguo upande wa kushoto, juu ya moyo, akiwa amesimama. Mume wangu, Baba Tamar, alisimama mbele ya simu tuliyoiegemeza kwenye chupa ya chai, akashika shati chini ya ukosi, akavuta. Halikuchanika. Nilimletea kisu cha jikoni, akakata pa kuanzia, kisha akaichana iliyobaki kwa mkono. Hakulia wakati ule. Alilia baadaye, alipotaka kuvaa shati lingine ili aende dukani akakumbuka kwamba mfiwa hatoki.

Matanga yetu, shiva, ni siku saba. Mfiwa hukaa kwenye kiti kifupi, mlango ukiwa umerudishwa tu, watu waingie bila kubisha. Kiti kifupi tulikuwa nacho, kigoda cha jikoni. Watu ndio hawakuwapo. Chakula cha kwanza mfiwa hali cha kwake, hupikiwa na majirani, na huwa ni vitu vya mviringo, mayai ya kuchemsha na kamande. Mama mmoja wa sinagogi alivipika akampa mtu wa bodaboda, naye akavifikisha getini saa kumi na mbili kasorobo, injini ikinguruma, akakataa hata kusubiri chenji kwa sababu kafyu ilianza saa moja. Mayai yalikuwa bado ya moto. Sitamsahau yule mama, wala yule kijana.

Mimi nilizaliwa Nakuru na niliingia Uyahudi kabla ya ndoa. Mama yangu hajawahi kuona msiba usio na watu. Alipiga simu usiku ule akasema, "Mwanangu, sasa nitampaje mkwe wangu pole kwa simu? Mimi ningekuja na wenzangu tukae naye." Nilimwambia kuna vizuizi barabarani. Akanyamaza, kisha akaomba azungumze na Baba Tamar mwenyewe, wakazungumza muda mrefu.

Pasaka ya Kiyahudi, ya kukumbuka kutoka Misri, iliingia Jumatano jioni, na sikukuu ikiingia, shiva huvunjwa hapo hapo. Mfiwa anainuka kwenye kigoda, anaoga, anakaa mezani na kunywa vikombe vinne vya divai. Ndiyo sheria. Furaha ya umma hutangulia huzuni ya mtu mmoja. Naiheshimu, ila mwaka ule ilikuwa nzito kuitekeleza. Meza ambayo kwa kawaida huwa na wageni hata wengine wanakalia kreti za soda, ilikuwa na sisi watatu. Na katika Kutoka, sura ya 12, imeandikwa kwamba usiku ule mtu yeyote asitoke mlangoni mwa nyumba yake hata asubuhi. Miaka yote tunausoma mstari ule kama habari za Misri. Safari hii Tamar aliusikia akauliza, "Hata wao walikuwa na kafyu?" Baba yake akamjibu ndiyo, walikuwa nayo, na nje kulikuwa na kifo.

Kuna mahali katika usomaji wa Hagada, kitabu cha usiku wa Pasaka, tunapomfungulia mlango nabii Eliya. Juma lililotangulia mtoto wa miaka 13 alikuwa ameuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, mtaa wa Kiamaiko hapa Nairobi, polisi wakisimamia kafyu. Tulifungua mlango wa nyuma, ule wa jikoni, tukaufunga upesi.

Lakini lililotuumiza zaidi ya yote ni Kadishi. Mtoto husema Kadishi kwa ajili ya mzazi wake kwa miezi 11, kila siku, na haisemwi pasipo wanaume kumi waliobaleghe. Serikali ilikuwa imezuia ibada za mikusanyiko tangu Machi. Kila jioni Baba Tamar alisali peke yake akielekea kaskazini, Yerusalemu iliko, na akifika pale penye Kadishi aliruka. Mimi ningemwitikia kutoka jikoni kwa moyo wote, lakini kwa utaratibu wa Kiorthodoksi tunaoufuata, ule wa Wayahudi wanaoshika sheria ya jadi, mimi sihesabiwi katika kumi hao, na hata ningehesabiwa, tungekuwa wawili.

Marabi wa Conservative, vuguvugu la Wayahudi lisilo kali kama la Kiorthodoksi, huko Marekani waliruhusu mwezi Machi kwamba katika dharura hii watu kumi wakutane kwa Zoom. Marabi wa Kiorthodoksi walikataa: kumi ni watu walio mahali pamoja. Nao marabi 14 wa jadi ya Kimorocco nchini Israeli waliruhusu Zoom kwa mlo wa Pasaka ili wazee wasikae peke yao, Marabi Wakuu wa nchi wakapinga. Ndugu zetu waligawanyika hapo, na kila mtu alikuwa na mfu wake au mzee wake wa kumfikiria. Shemeji alitaka tujiunge na Kadishi ya mtandaoni. Mume wangu alikataa, na nilikuwa upande wake, ingawa nilimwona anavyoumia.

Kadishi haitaji kifo hata mara moja. Ni sifa tupu: jina kuu la Mungu litukuzwe na litakaswe. Mfiwa anatamka, na watu wanamjibu kwa nguvu, "Amina, jina lake kuu na libarikiwe milele na milele." Bila jibu lile haijakamilika, kama vile mtu hawezi kusema "Paukwa!" akajijibu mwenyewe "Pakawa!" Usiku wa Pasaka ni tofauti. Talmudi, kitabu chetu cha kale cha mijadala ya sheria, inasema yale maswali ya mezani huulizwa na mtoto. Asipoweza mtoto, mke. Na mtu akiwa peke yake, ajiulize mwenyewe. Kuuliza unaweza peke yako. Kuomboleza sheria yetu haikubali ukufanye peke yako, na haikubali kujifanya una watu wakati huna. Ni ukali, na ndani ya ukali huo nimeona huruma kubwa.

Wala si kwamba sheria hii haijui magonjwa. Mwaka 1831, kipindupindu kilipofika Posen (leo Poznań, Poland), Rabi Akiva Eiger aliagiza watu wasali kwa makundi, wasizidi 15 kwa wakati mmoja, na polisi wasimamie. Kuokoa uhai hutangulia hata Sabato. Hivyo Baba Tamar akafanya kile marabi walichowashauri wafiwa wengi mwaka ule: kila jioni kusoma sura moja ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, kwa jina la mama yake, Tamar akiwa pajani mpaka asinzie.

Julai nyumba za ibada ziliruhusiwa tena: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Miaka 13 ndiyo umri ambao mvulana wetu huanza kuhesabiwa, kwa hiyo upande wa chini hatukupoteza mtu. Upande wa juu tulipoteza karibu wote. Jamii yetu Nairobi ni ndogo, na waliokuwa wakitimiza kumi kila wiki ni wazee. Agosti, uwani kwa rafiki mmoja, tulipata kumi kwa mara ya kwanza. Baba Tamar alisema Kadishi akiwa na barakoa, wakamwitikia wakiwa wameachana mita mbili. Tangu hapo tukawa tukibahatisha: juma moja wapo kumi, juma lingine wanane.

Alitakiwa kuendelea mpaka Februari 2021, siku chache kabla ya sikukuu ya Purimu. Na Rosh Hashana, Mwaka Mpya wetu, iliingia Ijumaa tarehe 18 Septemba 2020. Siku ya kwanza ilikuwa Sabato, ambayo shofari, baragumu la pembe, haipulizwi, kwa hiyo ilikuwa ipulizwe Jumapili. Wakati ule nilimwomba kila Myahudi mwanaume wa umri kati ya 13 na 58 aliyekuwa Nairobi, hata kama alikuja kwa kazi ya mwezi mmoja na hakuwa amesali tangu utotoni, aniandikie. Barakoa tulikuwa nazo, vitabu tulikuwa navyo, na kabla ya kafyu angekuwa amefika kwake.