Nilivyonunua Kiwanja cha Urithi Malindi kwa Mkono wa Wakili

Kiwanja nilichokitaka kiko Barani, Malindi, na dalali aliyenionyesha alikuwa na nakala ya hati ambayo kwa macho ya mtu wa kawaida haikuwa na dosari. Baadhi ya jamaa zangu walinishauri twende kwa mzee wa mtaa, tuandikiane, mashahidi watie sahihi na fedha zikabidhiwe siku hiyo hiyo. Sikulifuata shauri hilo, kwa sababu karatasi ya namna hiyo, hata ikitiwa sahihi na mtaa mzima, haibadilishi jina lililomo katika daftari la msajili wa ardhi.

Majina ya mawakili niliyapata kwa watu ambao hati zao zilikwisha kutoka, kisha nikayahakiki kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, maana cheti cha kufanya kazi ya uwakili hutolewa upya kila mwaka na si kila mwenye ofisi anacho. Wakili aliyependekezwa na dalali nilimwacha, si kwa kumshuku, bali kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimwakilisha muuzaji. Kuhusu ada sikubishana sana, kwani kiwango cha chini kimewekwa na kanuni na wakili haruhusiwi kushuka chini yake. Nililotaka kujua ni kazi gani zimo ndani ya ada hiyo na gharama zipi ningelipa kando.

Upekuzi rasmi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja kwa msajili wa ardhi, ndio uliofungua mambo. Viwanja vingi vya zamani vya Malindi vilisajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyohusu ukanda wa pwani, na jalada la kiwanja hiki lilikuwa Mombasa. Hati ilikuwa ya kweli, lakini mwenye jina alikuwa amekwisha kufariki, na aliyekuwa akiniuzia ni mwanawe mkubwa. Wakili wangu alimuuliza kwanza kama ardhi hiyo haikupata kuwekwa wakfu, yaani kutolewa kwa ajili ya dini au hisani isiuzwe tena, swali ambalo mtu wa bara huenda asingelifikiria, kisha akataka kujua warithi wote ni akina nani.

Muuzaji, mzee wa makamo mwenye heshima zake, aliona anazungushwa. "Mwanangu," aliniambia, "sisi Waislamu, mafungu yetu yamo katika Kurani. Mahakama ya nini tena?"

"Naam, mzee," wakili alimjibu kabla sijafungua mdomo, "mafungu yanajulikana. Anachotaka msajili ni amri itakayomtajia wenye mafungu hayo."

Ikabidi familia ipeleke maombi ya mirathi katika mahakama ya Kadhi. Mjane alikuwa hai, na walikuwapo mabinti walioolewa Lamu ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanataka kuuza. Kwa maoni yangu hapo ndipo ada ya wakili ilipojilipa, kwa sababu kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa kisheria, na binti mmoja tu angeweza kuupinga uuzaji mimi nikiwa nimekwisha kujenga. Katika muda wote huo sikutoa hata shilingi ya kiwanja, ingawa dalali alikuwa akinipigia simu kusema kuna mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu.

Mirathi ilipokamilika, mambo yaliyobaki yalikwenda kwa utaratibu wa kawaida. Tulitia sahihi mkataba wa maandishi, malipo ya awali ya asilimia 10 yakashikwa na wakili wa muuzaji kwa masharti, na warithi wakaleta cheti cha kaunti kuonyesha kwamba hakuna deni la kodi ya ardhi. Kwa kuwa kiwanja kimo ndani ya mji, ushuru wa stempu niliolipa ulikuwa asilimia 4 ya thamani iliyokadiriwa na mthamini wa serikali. Kingekuwa shamba, ungekuwa asilimia 2, lakini tungelazimika pia kuomba kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi katika muda wa miezi 6 tangu mkataba. Mpima ardhi tulimwita kabla ya kumalizia malipo, akatuonyesha mawe ya mipaka mbele ya majirani. Hati ilipotoka kwa jina langu, nilimwomba wakili afanye upekuzi mwingine, nikauhifadhi pamoja na stakabadhi zote.